Mstari Niliouruka

Mama Bernardine mpendwa,

Nimesoma majibu yako gazetini tangu nikiwa nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Roseville, nikisubiri basi, na sikudhani siku moja nitakuwa mimi ninayelia kwako, lakini nisaidie, maana nimeshindwa.

Mimi ni Mkenya, daktari, napasua watoto wakiwa bado tumboni mwa mama zao. Ndiyo, iko kazi kama hiyo, nilisoma miaka kumi na sita kuifikia, na mama yangu kule Meru huwatangazia majirani kwamba bintiye anatibu watu ambao hawajazaliwa. Mwaka jana aliletwa mama Mkongomani aliyekuja huku na watoto wake kutoka kambi ya wakimbizi, nimwite Emérance, siku hizi tunasali kanisa moja kule Columbia Heights, ana mapacha wanaotumia kondo moja la nyuma, damu ya mmoja inamwendea mwenzake, yaani bila kuziba kwa leza mishipa inayowaunganisha tungeweza kuwapoteza wote wawili, na aliposikia nasema Kiswahili akanishika mikono akalia, akasema, "Dada docteur, Mungu amenitumia mtu wangu," mumewe Eliezer akavua kofia, basi mimi moyo ukajaa, nikamwambia mkalimani aliyekuwa kwenye skrini kwamba hatumhitaji, huyu ni dada yangu, nikamzima.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa Kiingereza kila mama namwambia bila kupepesa macho kwamba hata operesheni ikienda vizuri mtoto mmoja anaweza kufa, wakati mwingine wote. Fomu ni ya Kiingereza, nilikuwa namsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari, nikafika kwenye mstari huo, ulimi ukagoma, kwa sababu nilivyolelewa mjamzito hatajiwi kifo, nikasema tu, "Kuna hatari ndogondogo kama operesheni yoyote, lakini Mungu yupo," akaitikia amina, akatia sahihi.

Operesheni ilienda vizuri. Asubuhi yake tukapima, tukasikia moyo mmoja tu.

Aliyebaki ni msichana, sasa ana miezi minne, mnono kweli, na Jumapili ya mwisho wa mwezi kuna shukrani kanisani, wanataka nisimame mbele nimbebe, wampe jina langu. Juzi Emérance alinifuata kwenye maegesho, akaniletea sombe, yale majani ya muhogo wanayopika kwao, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uniambie ukweli, docteur. Ule mwingine alikufa juu ya vile nilisukuma ile toroli ya mashuka kazini kule hotelini mpaka siku ya mbele ya operesheni?" Nami, badala ya kusema hapana, nikamkumbatia nikamwambia, "Tuyaache hayo, ni mpango wa Mungu." Nikaona uso wake umebadilika. Jibu langu amelichukua kuwa ndiyo. Eliezer ananiambia tangu siku hiyo mkewe hambebi mtoto ila wakati wa kunyonyesha, eti mikono yake ina mkosi.

Nikisema ukweli nitakuwa nimekiri kwamba nilimnyima haki yake, hospitali itanihoji, kanisa litanisema, labda atanichukia. Nimeanza kufikiria niache upasuaji kabisa, nirudi kliniki ya kawaida. Nifanyeje, Mama?

Daktari wa Roseville

*

Daktari mwanangu,

Pole. Pole sana. Nimebadilisha mambo mawili matatu kwenye barua yako kabla ya kuichapisha, usijulikane, maana hapa kwetu habari huvuka daraja la Mississippi kabla mwenyewe hajawasha gari. Nilikuwa mkunga Kitale miaka ishirini kabla ya kuja huku, kwa hiyo hayo unayoyasema nayajua kwa mikono yangu.

Kwanza nikugombeze, tumalize. Ulimzima mkalimani! Hivi kweli, mama Mzungu anaambiwa yote kama mtu mzima, halafu huyu anayekuita dada anapewa nusu? Huo ni udada gani? Ulidhani unamhurumia yeye, kumbe unajihurumia wewe, usimwone akilia. Mwanamke aliyekimbia vita na kulea watoto kambini, unamwona hawezi kusikia neno kifo? Amelisikia mara nyingi kuliko wewe na vyeti vyako vyote.

Haya, nimemaliza. Mtoto yule hakufa kwa sababu uliruka mstari, na huyu aliyebaki anapumua kwa sababu ya mikono yako. Huenda mama yake angekubali operesheni hata kama ungemsomea fomu nzima, lakini kukubali kulikuwa kwake, na wewe ukamchukulia. Hilo ndilo deni lako, tena linatosha, usijiongezee mengine. Habari za kuacha upasuaji ziweke kando, mtu haamui jambo kubwa hivyo akiwa amejikunyata kwa hofu.

Kinachoniuma mimi ni huyo mtoto. Kila siku unayoitumia kuogopa hospitali, kuna msichana wa miezi minne amelazwa kwenye kiti chake anatazama dari, na mama yake yuko hatua mbili tu kutoka hapo.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwa mkubwa wako, mwambie ulichofanya kabla hujaulizwa. Watakuhoji, ndiyo, acha wahoji. Omba wakupe mkalimani, tena yuleyule wakimpata, kisha wiki hii, kabla ya hiyo Jumapili ya shukrani, uende nyumbani kwao, Eliezer awepo. Utasema wewe mwenyewe kwa Kiswahili chako. Mkalimani kazi yake ni kukusikiliza usiruke tena. Emérance akikasirika mwache akasirike, usimbembeleze, na usimtaje Mungu mpaka yeye amtaje. Jina la mtoto usiliguse kabisa. Wakishasikia wataamua wenyewe, na wakilibadilisha, Jumapili utakaa benchi la nyuma upige makofi kama sisi wengine.

Na tafadhali, usianze kwa kujieleza, wala usimpelekee hiyo miaka kumi na sita. Ingia, keti, na kabla hata hajakumiminia chai mwambie, "Emérance, si wewe. Ile toroli haikumfanya mtoto lolote." Halafu nyamaza, umwachie nafasi amwinue binti yake.