Taa za Senene Hazikuua Kompyuta

Kwako Deo, niliyekuwa nikikuita mpenzi,

Sikuulizi hali. Najua u mzima, kwa sababu juzi mwalimu mmoja wa kisiwa cha Bumbire alinipigia simu akaniambia ulifika shuleni kwao, umenenepa, na umetaja shule yangu. Nitafika huko.

Kwanza kumbuka chumba chako cha Kashai, kile cha kupanga nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Tulikaa kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa cha kompyuta. Ulinifundisha kuflashi kadi. Unachukua imeji, yaani mfumo mzima uliofungwa kwenye faili moja, unaimimina kwenye kadi ya memori ndogo kama ukucha, unaichomeka kwenye kile kikompyuta cha ubao mmoja kinachoenea kiganjani, unawasha. Taa nyekundu ni umeme. Ya kijani ikipepesa, kadi inasomwa. Nilipowasha cha kwanza peke yangu ulinikumbatia ukasema, "Sasa hata nisipokuwepo, shule ina fundi." Nilikupenda sana siku ile. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa linakusaidia.

Shule yetu ya Izigo, ninakofundisha, ikapata kumi na mbili, na moja ya mwalimu. Watoto waliokuwa wakichorewa kompyuta ubaoni kwa chaki wakashika kipanya kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mwalimu mzuri, Deo, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Ikaja Novemba. Wageni wa mradi wa kompyuta walikuwa waje Jumatatu kuona imeji yako, na wakiipenda wakupe kazi ya kuisambaza shule nyingine za mkoa. Jumamosi uliflashi kadi zote upya kwa imeji uliyoitengeneza chumbani kwako. Jumapili jioni mimi nikawaruhusu wapishi wachomeke taa mbili kubwa za kunasia senene, wale panzi wa msimu tunaowakaanga, kwenye soketi ya maabara. Sikatai. Senene wenyewe niliwala, na walikuwa watamu.

Jumatatu kompyuta zote zikaonyesha nembo ya shule, zikaganda hapo. Wageni walisimama wakizitazama, wakatazamana, wakaenda kunywa chai. Wewe ulibeba ile ya mwalimu ukasema unakwenda kuichunguza. Jumatano, kwenye kikao, ukawaeleza walimu wote kwamba taa za senene zilivuta umeme hadi ukashuka, ukaharibu kadi na bodi zenyewe. "Mwalimu hakukusudia," uliongeza, kwa ile sauti yako ya kusoma somo kanisani. Kila mtu aliamini. Hata mimi niliamini. Nilisimama nikaomba radhi mbele yao, nikapewa barua ya onyo, nikanyang'anywa ufunguo wa maabara. Kosa likawa la taa zangu, si la imeji yako, nawe ukapewa kazi.

Kwa mama yako habari zilinitangulia. Nilikwenda pale nyumbani kwenu ng'ambo ya kanisa, nikapiga magoti, si yale ya kumsalimia mkubwa tuliyozoea toka utotoni, bali ya mtu mwenye kosa. Nikamwambia nusura nikukoseshe kazi. Aliniinua kwa mikono yake miwili akasema, "Leka, mwana wange. Acha, mwanangu, yamekwisha." Akaniwekea kahawa ya kutafuna kiganjani. Wewe ulikuwa umekaa pale pale, Deo, unachezea simu.

Uchumba wetu ulikufa polepole baada ya hapo. Ulianza kuzunguka na kazi yako, simu zako zikawa fupi, halafu zikawa salamu za sikukuu. Nilidhani ni haki yangu, mwanamke mzembe aliyetaka kuharibu maisha ya mtu.

Mwaka ukaisha. Ufunguo nikarudishiwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Siku moja niliwasha kompyuta moja nikaitazama ile nembo kwa hasira, ndipo akili ikanijia. Nembo iko ndani ya kadi. Bodi iliyokufa ingeisomaje? Nikaiondoa nembo ili yale maandishi ya chini yake yaonekane, yakapita haraka, yakasimama kwenye mstari mmoja: inasubiri diski. Ilikuwa inaitafuta ile diski yako nyeusi ya nje, iliyokuwa mezani Kashai ulipotengeneza imeji. Ulisahau kuiondoa kwenye faili lenye orodha ya diski ambazo kompyuta huzisubiri inapowaka. Kosa la kawaida kabisa. Mtu yeyote angelifanya, na ningelicheka nawe.

Lakini kwenye droo nikaikuta ile ya mwalimu, uliyoirudisha kimya kimya. Ikawaka bila shida. Nikafungua faili lile lile. Mstari wa diski ulikuwa umezimwa kwa alama ya #, na pembeni umeandika kwa maneno yako, kama ulivyonifundisha kuandika kila ninapobadilisha kitu: "Hii ndiyo inayokwamisha. Nimeizima Jumatatu."

Jumatatu, Deo. Kikao kilikuwa Jumatano.

Nilinyamaza, nikazitengeneza zote kumi na mbili, nikafundisha. Ningenyamaza hadi leo. Ila mwalimu wa Bumbire amekwama kwenye nembo, maana uliwapelekea nakala ya zamani ya imeji ile ile mbovu, na umemwambia mkuu wake kwamba kosa ni lake kwa kuruhusu wavuvi wachaji simu kwenye sola ya shule. Umewaonya wasije wakawa kama yule mwalimu wa Izigo. Akanitafuta aniulize mimi nilifanyaje.

Nilimtumia kadi moja nzima kwa boti ya wachuuzi wa dagaa. Saa mbili baada ya kuipokea na kuinakili kwenye kadi zake, kompyuta zake zote zilikuwa zinafanya kazi. Na wewe mwalimu mwingine unayesoma barua hii ukiwa umekwama kwenye nembo, maana nakala zake nazituma kwenye shule alizofika Deo, usiombe radhi kwa mtu. Chomeka kadi yako kwenye kompyuta inayowaka ya mfumo huo huo, ingia folda ya etc iliyo ndani ya kadi hiyo, fungua faili la fstab, tafuta mstari unaotaja diski ya nje, weka # mwanzoni, hifadhi. Huhitaji kumsubiri Deo.

Na wewe Deo, sitaki radhi yako. Sitaki pia barua ya onyo ifutwe, nimeizoea. Nina neno moja tu. Mama yako kila akinikuta sokoni ananishika mkono na kuniambia nisijilaumu tena, na mimi namshukuru, kwa kuwa sina moyo wa kumwambia mama wa mtu mwanawe ni nani. Nenda nyumbani. Piga magoti wewe, umwambie siku ile alimwinua nani.

Aliyekuwa mchumba wako,
Mwalimu wa Izigo