Futari Yenye Maganda

Alhamisi, 6 Machi

Vyombo vimeoshwa. Maharage yameloweka. Kwaya ya wenyeji wetu imeimba sauti ya tatu vibaya kuliko jana, wanaume wanavuta kama wanaopandisha gunia mlimani. Joto. Njombe saa hizi ningekuwa na sweta. Hapa kanga moja tu ni mzigo.

Bi Zuhura amepanda tena. Ni jirani wetu wa chini, mjane, mama mtu mzima. Tangu tupange hii ghorofa ya juu hapa Kibokoni, kila magharibi anapanda ngazi na sahani iliyofunikwa kitambaa. Magoti yanamsumbua, nasikia anavyovuta pumzi kila kidato. Na hapo amefunga kutwa. Siku ya kwanza alisema mwezi wa Ramadhani hawezi kufuturu bila kujua jirani yake amekula nini. Leo ameleta sambusa, tambi za sukari na kaimati, vile vidonge vya unga vya kukaanga vinavyong'aa kwa shira.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikamwombea baraka. Nikafunga mlango. Nikamimina vyote kwenye mfuko mweusi wa taka.

Ni amri ya Mchungaji Obedi, kiongozi wetu wa misheni. Anasema futari imeombewa dua, na sisi tumekuja Mombasa kwa kazi ya Mungu, tusiingize tusichokijua matumboni. Wenzangu wakasema amina. Jiko ni langu, kwa hiyo mtupaji ni mimi. Sahani nimeiosha mara mbili na bado inanukia iliki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudisha sahani. Kwetu pia hairudishwi tupu, nikaweka pakiti ya majani ya chai niliyotoka nayo Njombe. Bi Zuhura akafurahi kama nimempa kanga doti nzima. Hakunipitisha sebuleni. Aliniita mlango wa uani, moja kwa moja jikoni, nikakaa kwenye kibao chake cha mbuzi ya kukunia nazi.

Akauliza kaimati zilikuwaje. Nikasema tamu sana, shira imekolea barabara.

Sikuonja hata moja. Mtu mzima mimi, mwalimu wa kwaya, mama wa maombi, nimekaa juu ya mbuzi ya mwenzangu nikamdanganya huku namtazama machoni. Nimejiambia ni adabu tu. Sijaamini.

Jumapili, 9 Machi

Ibada nzuri. Kanisa lililotualika ni la watu wa bara, wengi wao wanafanya kazi bandarini na relini. Mzee Mutua, mzee wa kanisa, yuko Mombasa tangu ujana wake. Baada ya ibada akatuuliza kwa sauti kama kaimati za Kibokoni zimeshatufikia. Akashika tumbo akasema yeye kila Ramadhani mkanda wake unaongezwa tundu, kwa sababu majirani zake hawajui kupika kidogo.

Mchungaji Obedi akakohoa. Sisi tukaangalia viatu vyetu.

Njiani Mchungaji akasema wenzetu hawa wamezoea, ila sisi tusizoee. Nilikuwa na la kumjibu. Nimesoma chuo cha Biblia, maandiko ya kumjibu ninayo kichwani. Sikumjibu. Vijana walikuwa wanasikiliza na mimi napenda wanavyoniona mtiifu. Huo ndio ukweli wake, wala hauna utakatifu wowote ndani.

Jumanne, 11 Machi

Nimejiponza. Kwa sababu nilisifia kaimati, leo Bi Zuhura ameniletea bakuli langu peke yangu, mbali na sahani ya kawaida.

"Hizi zako weye, Mama Upendo," akasema. "Iliki nimezidisha. Nimesimama nazo mwenyewe, sikumwachia mtu."

Amesimama mbele ya mafuta ya moto, amefunga, na magoti yale. Kisha akanambia siku hizi anafungulia kwa chai yangu ya Njombe. Tende, maji, halafu chai yangu. Anasema ina rangi nzuri.

Yeye anakunywa changu. Mimi chake natupa.

Neema, binti wa msafara wetu ninayelala naye chumba kimoja, alichomoa kaimati moja kabla sijamwaga. Nikampiga mkono ikaanguka. Aliniangalia tu, nikageuka upande wa sinki.

Kabla ya hapo mchana tulikuwa ufukweni Mama Ngina kugawa vipeperushi. Mchungaji akanunua mihogo ya kukaanga, sisi wote tukala. Muuzaji alisema Bismillahi ndipo akaupasua muhogo, nilimsikia vizuri. Mchungaji alikula wake wote, na pilipili akaongeza. Kwa hiyo si dua. Sijui ni nini. Yaani najua.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui niandikeje.

Asubuhi nilifungua dirisha la jikoni kumwaga maji ya mchele kwenye maua. Chini uchochoroni paka wa mtaa walikuwa wameupasua ule mfuko mweusi niliouweka nje jana. Futari ya siku tatu ilikuwa imetapakaa mpaka kizingitini kwa Bi Zuhura. Sambusa. Mkate wa sinia. Kaimati, nyingi, zimeshika mchanga.

Na yeye alikuwepo. Ameinama, mkono mmoja umeshika ukuta. Hakufagia. Aliokota kimoja kimoja kwa vidole, akawa anaweka kwenye sinia, ili watu wasije wakakanyaga chakula. Kila akiinuka anapumzika. Kisha anainama tena.

Mwanamke mmoja akapita akamsalimu, akauliza kuna nini. Nikamsikia Bi Zuhura akijibu kwamba ni paka tu hawa, mwenzangu, hawana adabu.

Akanifichia. Kapu la aibu yangu kalibeba yeye.

Nikajitia hamnazo. Nikarudi nyuma ya dirisha, nikasimama na sufuria mkononi mpaka nikasikia mlango wake umefungwa. Ningeweza kushuka. Ngazi ni fupi. Sikushuka.

Magharibi hakuja. Wenzangu hawakuuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja. Niliposikia zile pumzi ngazini niliweka mwiko chini. Nilidhani anakuja kunisema, nikasema afadhali.

Alinisalimia vile vile. Amewaulizia wenzangu, ameuliza kama joto limepungua huko juu. Akanipa sahani. Machungwa, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha.

"Haya hayajamenywa, jirani," akasema. Akashuka.

Mchungaji akafurahi. Akasema matunda na mayai hayana tatizo, ni uumbaji mtupu, akaomba, tukala. Mimi nilikuwa nimelimenya yai langu nusu ndipo nikaelewa. Yai lina ganda. Chungwa lina ganda. Ndizi ina ganda. Amekaa chini na goti lake akafikiri ni kitu gani anaweza kutupa ambacho mkono wake haukukigusa ndani.

Uso ulinishuka pale pale mezani. Neema akauliza kama naumwa.

Yai nimelila. Sikuthubutu kulitupa.

Jumamosi, 15 Machi

Leo dafu na ndizi. Nilishuka kurudisha sahani mchana. Hakuniita uani. Alinifungulia mlango wa mbele, akanikalisha sebuleni, kiti chenye kitambaa cha kufuma. Kiti cha wageni.

Kisha akaniomba radhi. Yeye. Mimi.

"Kunradhi sana, Mama Upendo. Nimeuliza, nikaambiwa kuna watu dini yao haiwaruhusu kula kilichopikwa na mkono wa dini nyengine. Mimi sikujuwa. Nimekutieni katika mashaka siku zote hizi."

Amenitafutia udhuru mwenyewe, kaupiga pasi, kanikabidhi. Nilichotakiwa kufanya ni kusema hapana. Nikasema hakuna neno, Bi Zuhura, hukujua.

Hukujua! Nimemsamehe mimi!

Najichukia leo. Naandika hivyo hivyo, sitafuti neno la kupunguza.

Jumatatu, 17 Machi

Siwezi kuomba. Naanza, roho inanisuta, naacha. Jana kwenye ibada nilipewa kuombea majirani zetu Waislamu. Niliinuka, nikatamka maneno, nikakaa. Watu wakasema amina. Ningetamani sakafu inimeze.

Leo nimemwambia Mchungaji Obedi kwamba nitamweleza Bi Zuhura ukweli. Alikuwa anaandaa somo. Akaweka kalamu chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia tabu. Akasema: tunaondoka Alhamisi. Mama ameshapata jibu linalomtuliza. Ukimwambia dini haikukataza, atajua tulimdharau, na mtaa wote utajua, na Mzee Mutua na kanisa lake ndio watabaki hapa na hayo maneno. Wameishi na hawa watu kwa wema miaka yote. Unataka kuwatuliza wao au unataka kujituliza wewe?

Si mjinga yule. Swali lake limenikaa.

Lakini nimemjibu, safari hii nimemjibu. Nimesema, Mchungaji, tumekuja huku kumshuhudia Kristo, na kitu pekee ambacho Bi Zuhura amejifunza kuhusu Kristo kutoka kwetu ni kwamba anaiona mikono ya mama huyu ni michafu. Hilo tunaliachaje? Akasema nifanye ninavyoona. Kalamu ameiokota, lakini mpaka natoka hajaandika neno.

Naogopa. Bi Zuhura akinifukuza nitakuwa nimeyataka. Akinisamehe harakaharaka itakuwa mbaya zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda baada ya alasiri. Sebuleni tena, kiti kile kile. Nilikataa kuegemea.

Nikasema dini yetu haikatazi. Nikasema Mzee Mutua wa kanisani anakula futari kila mwaka, na sisi tungeweza kula.

Bi Zuhura alikuwa anakunja nguo. Akaacha.

"Basi ni nini?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu asubuhi, ya viongozi na maelekezo na wasiwasi wa wageni. Yote yakakimbia. Nikasema ni dharau, Bi Zuhura. Niliambiwa nitupe, nikajua si sawa, nikatupa. Na nilipokwambia ni tamu sikuwa nimeonja.

Akaiweka ile nguo pembeni. Nje mtu alikuwa anamwita mwenzake kutoka barazani. Nikadhani hatasema tena.

"Zote?"

Nikasema zote.

"Hata zile za iliki? Nlizokufanyia weye?"

Nikasema hata hizo.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza habari ya msiba wa mbali. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hata kulia niliona kama naiba, maana aliyekosewa ni yeye.

"Ungenambia tu," akasema. "Ningempa mwengine. Watu ni wengi hapa, mwenzangu."

Basi. Akashika ukingo wa meza akainuka, akasema saa ya kukuna nazi imefika, na mwezi huu saa hazimngoji mtu. Akaingia jikoni kwake. Hakuniita nimfuate. Nilikaa kidogo peke yangu kwenye kile kiti, kisha nikajifungulia mlango nikatoka, nikaurudisha taratibu usije ukapiga kelele.

Sikufarijika. Nilidhani nitafarijika. Mchungaji alikuwa na haki kwa sehemu. Lakini nisingeweza kupanda basi na udhuru ule mkobani.

Jumatano, 19 Machi

Nimefungasha. Nimesafisha jiko, nimekwangua hata nyuma ya jiko la gesi pale pasipoonekana. Kwaya wameniaga kwa wimbo na sauti ya tatu imekaa sawa, mwishoni kabisa, nilipokuwa sina tena la kuwafundisha. Mzee Mutua ameleta zawadi ya korosho. Alikuwa hajui kitu bado. Nimemwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, tukiwa tumesimama mlangoni. Amesema atakwenda kumwona mama huyo. Hakunipa mkono. Mchungaji Obedi alikuwa ndani, alisikia yote. Hakuja kunikatiza.

Magharibi nilikaa karibu na mlango. Adhana ikaisha. Nikasikia mlango wa chini, nikasikia kandambili za Bi Zuhura uani. Nikainuka, sijui kwa nini niliinuka.

Hakusimama kwenye ngazi zetu. Alipita, akaenda mpaka nyumba ya pili, ile yenye mlango wa kijani. Kutoka dirishani nilimwona. Sahani ile ile imefunikwa kitambaa. Akapiga hodi. Akafunguliwa na mama kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Yule mama akafunua kitambaa hapo hapo, akatia kaimati moja mdomoni kabla hata ya kushukuru, shira ikamchuruzika mpaka kidevuni. Wakacheka wote wawili.

Sisi tulikula maharage. Neema alisema hayana chumvi, na kweli nilisahau.

Leo kaimati zake zimeliwa.