Mulango Niliofunga Mvua Ikinyesha

Mujukuu wangu Esta,

Sisi huku Kalemie tungali hai. Babu yako anakohoa bado, na ziwa limekula nyumba ya jirani.

Unaniuliza kama uache kufundisha yoga, kwa sababu ukitoka kazi ya hospitali umechoka, na Jumamosi wanafunzi hawaji, unabaki peke yako na mikeka. Mama, nitakuambia tu yaliyonipata mimi.

Nilipokuwa binti nilifundisha wamama kushona, kila mchana wakishaanika ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa, kwenye mchanga. Wingu likipanda juu ya ziwa, wote walitupa sindano na kukimbia kuokota samaki wao wasioze. Siku moja walipokimbia hivyo, niliona wananizarau. Nikafunga mulango, nikaenda kulia kwetu, na sikufundisha tena.

Juzi kwenye kilio, Mama Veronika, mwanafunzi wangu wa zamani, aliniambia: "Mvua ilipokatika tulirudi, Mwalimu. Wote. Tukakuta umefunga, tukasema ndiyo basi, Mwalimu ametufukuza."

Wale wengine wote tumeshawazika.

Sikuambii watu wako watarudi, Esta. Sijui. Mimi sikungoja hata mvua ikatike.

Nkambo wako, bibi yako anayekuwaza,
Mama Adela