Tangawizi ya Kukata Unene

Kasulu, mwezi wa nane, 2014

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri na magoti yamekupa nafuu. Baba naye shikamoo yake. Kile kikohozi kimeisha, au bado anakificha? Mimi mwanao ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na nitakueleza sababu, ila nakuomba usiikunje barua hii katikati kama unavyofanya ukisomewa usiyoyapenda.

Barua yako nimeipata. Unasema umepungua mpaka gauni lako la kijani linakupwaya, ni kwa maji ya tangawizi, na sasa unataka nikutumie tangawizi ya Muyama kwa kuwa umesikia ya huku ni kali kuliko ya Tanga. Lakini dada Rehema ameshanipigia simu. Vidonge vya sukari umeviacha tangu Ramadhani! Siku hizi harufu ya tangawizi tu inanitia kichefuchefu, mimi niliyekuwa nikiitafuna mbichi.

Unamkumbuka Mama Neema, mwenye nyumba wangu, yule aliyekusalimia kwenye simu kwa Kiha, "Mwakeye, mwakeye", mpaka ukacheka. Ni mnene, mchangamfu, na ana sukari kama wewe. Mwaka huu walikuwa wanamuaga binti yake Neema kwenda kwa mumewe, na kina mama wa ukoo wote wakashona sare. Ya Mama Neema ikakwama kwenye nyonga. Basi akaenda sokoni kwa jamaa mmoja anayevaa koti jeupe kama daktari na ndala zenye matope, anauza tangawizi iliyochemshwa. Anaitia kwenye chupa za maji za kuokota. Nimeziona kwa macho yangu, nyingine bado zina rangi ya midomo ya watu. Kinyaa kitupu! Na kutwa anapiga kelele, "Inakata unene, inakata sukari! Vidonge vinachosha figo, mama zangu!"

Mama Neema akaviacha vidonge, na hakuniambia. Alipoizoea ile dawa akawa anaichemsha mwenyewe, sufuria nzima kila asubuhi. Nikadhani ni chai tu. Alinipa kikombe, nikanywa, nikamsifu kwa utamu wake. Ilikuwa imejaa asali, maana yeye kwao ni Kibondo, na kwao kumpa mtu kikombe kisicho na asali ni kama kumfukuza. Kaka yake humletea dumu zima.

Akaanza kupungua, tena haraka. Kanisani wakampongeza, sare ikaingia, kisha ikampwaya. Yule mwenye koti akamsimamisha mbele ya meza yake: "Mtazameni huyu!" Na mimi, muuguzi mzima ninayepima watu sukari kila siku ya kazi, nilimwambia amependeza. Nilimwona akinywa maji jagi kwa jagi na kwenda chooni kila mara, nikasema ni ukali wa tangawizi. Huyo mwuzaji ananichukiza, mama, lakini anayenitia kinyaa zaidi ni mimi mwenyewe.

Siku ya kumuaga Neema, mama yake alivaa viatu vipya, akacheza tangu asubuhi. Kiatu cha kushoto kilimchubua kidole, naye hakusikia kitu, miguu ilikuwa imeshaingia ganzi. Baada ya siku kadhaa chumba chake kikaanza kunuka. Nikamkuta amefunga kidole kwa kitambaa, ndani amepaka tangawizi iliyotwangwa na asali juu yake. Nilipofungua, nzi wakatuzunguka. Nimeosha vidonda vya watu miaka sita, lakini siku hiyo nilitoka nikatapika kwenye migomba. Niliporudi nikampima. Kimashine kilishindwa hata kutoa namba, sukari ilikuwa imepita kiwango chake.

"Vidonge viko wapi?" nikamuuliza.

"Niliviacha, mwanangu. Lakini sukari sijagusa hata chembe, haki ya Mungu."

"Na asali je?"

Akanishangaa. "Asali ni ya nyuki. Sukari si ya kiwandani?"

Hospitalini mguu huo wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Nilimwendea yule jamaa sokoni, bado yuko na koti lake. Unajua alinijibu nini? "Dada nesi, huyo alizidisha kipimo." Nikatema mate chini mbele ya watu. Nisamehe, najua hukunilea hivyo.

Sisemi tangawizi ni sumu. Wapo waliosoma wanaosema huenda inasaidia kidogo kwenye sukari na uzito, na kwenye chai inaburudisha. Lakini haishiki nafasi ya vidonge. Na kule kupungua kwa Mama Neema haikuwa dawa ikifanya kazi, ulikuwa ugonjwa ukimla nyama. Ndiyo maana gauni lako la kijani limenitisha. Unaamka kukojoa mara ngapi? Na hayo maji yako unayatia nini? Nakujua, unatia tende. Usiniambie tende si sukari kwa kuwa zimetoka Maka. Ukishasomewa barua hii, nenda kliniki na Rehema siku hiyo hiyo ukapimwe, na vidonge urudie kama watakavyokuelekeza.

Nisalimie shangazi msusi, mwambie nywele zangu huku hazina mwenyewe. Mjomba muuza nazi mpe shikamoo zangu, na wale watoto wa Rehema uwabusu mmoja mmoja.

Kifurushi hiki anakuletea mwalimu jirani yangu, anakuja likizo. Ndani hamna tangawizi. Nilimsomea Mama Neema barua yako. Kisha akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa kile kiatu cha kushoto, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

"Mpelekee mama yako," akasema. "Mwambie hata mimi nilipendeza."

Ni mimi mwanao anayekungoja,
Mwajuma