Baraza la Ndani

Mama,

Nakuandikia nimekaa pale pale pako, kwenye baraza lako la ndani, kiyoyozi kinanipulizia kisogoni. Baba kalala. Nje jua la hapa Mawaleh, Maskati, halisemeki, hata paka wa jirani kajitia chini ya gari. Idi imepita bila wewe. Nilikaanga zile chapati zako nyembamba za kwenu Leningrad, zikaniungulia kama kawaida yangu. Shangazi Zuwena kala, kasema mbaya, kisha akaanza kulia. Na mie nikalia. Ndiyo Idi yetu hiyo.

Nna khabari, Mama. Kitabu chako kimetoka kwa Kiswahili! Ile tasnifu yako ya tenzi za pwani, uliyoiandika kwa Kirusi ukiwa msichana, nimemaliza kuifasiri. Kurasa za mwanzo, zile za kuwasifu wakubwa wa chama kilichotawala kwenu, nimeziacha vile vile. Uliniambia mwenyewe: "Huo ushuru wa mlangoni, mwanangu. Lipa upesi, uingie ndani." Na sasa Unguja wananiita nikaisome mbele ya watu, Mji Mkongwe.

Unguja, Mama. Wewe ndiye uliyetakiwa kwenda.

Ujana wako wote ulifundisha Kiswahili katika mji wa barafu, na mnazi hujauona. Kila mwaka uliomba ruhusa ya kusafiri ukajionee pwani yenyewe, na kila mwaka wakubwa wa chuo walikujibu neno moja: bado. Basi ukajichorea Mji Mkongwe kwa penseli, uchochoro kwa uchochoro, kwa unayoyasoma katika mashairi. Ukazungumza Kiswahili cha tenzi maana ndicho pekee ulichonacho. Baba, mwanafunzi kutoka Unguja aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, alipokusikia mara ya kwanza alidhani marehemu bibi yake kafufuka na macho ya buluu. Hadithi hiyo huwa hachoki kuisimulia. Siku hizi anaisahau katikati, namkumbushia.

Kwao Unguja serikali ikapinduliwa yeye yuko masomoni, hakuwa na pa kurudi. Mkaja Maskati kwa jamaa zake, na mimi mkononi. Chuo kikakufuta, maana umeolewa na mgeni ukaondoka. Hapa nani akujue? Ulikuwa mke wa fulani, yule mzungu anayeomba chumvi kwa Kiswahili cha mababu. Ulifundisha nini, uliandika nini, hakuna aliyekuuliza.

Halafu mkajenga nyumba hii, ukamwambia fundi akujengee baraza. La saruji, refu, ukutani, ndani ya sebule! Fundi masikini alikuuliza na kukuuliza. Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu: "Wifi yangu, baraza la kuzungumza na friji?" Ukamjibu kwa ukali wa mwalimu kwamba umesoma, watu hukaa barazani wakanywa kahawa wakasomeana mashairi, na hakuna shairi hata moja lililotaja jua. Kumbe nani ataje jua? Anayekaa nje hataji kuwa yuko nje. Nikamtazama Baba aseme. Baba kimya.

Ukakaa hapa miaka, uso umeuelekea ukuta. Ulipomwambia, "Mwaka huu twende Unguja," hapakuwa na wakubwa wa chuo tena wa kukuzuia. Palikuwa na Baba. Naye akasema: "Bado." Mwaka mwengine, bado. Mpaka magoti yakakataa, mpaka na moyo ukakataa.

Sasa zamu yangu. Nilipomwambia nnakwenda, na kwamba Shangazi atakuja kukaa naye, alinitazama kama mtoto anayeachwa sokoni. "Bado, mwanangu. Nani atanisomea?" Kesho yake pasi yangu ya kusafiria haionekani. Nimepekua kabati, nimepekua jiko, mpaka gunia la mchele. Yeye kakaa hapa barazani kutwa, hanyanyuki ila kwa sala na choo, akiniangalia nnavyohangaika. Nyumba ikanibana, Mama. Nikajiona mimi ndiye wewe, nnazeeka nnautazama ukuta huu huu.

Juzi, kwa kukosa la kufanya, nikamsomea kitabu chako. Nikafika pale unapousimulia mtaa wa kina Baba: mlango wa mbao, kisima, halafu baraza ndani ya nyumba. Baba akanyanyua mkono.

"Hapo kakosea. Baraza la kwetu lilikuwa nje."

Nikamuuliza, kwa nini hukumwambia? Miaka yote hii?

Akalipapasa godoro la baraza. Kisha akasema siku aliyoondoka kwenda masomoni, baba yake alibaki amekaa pale barazani, nje, akimpungia. Hakumuona tena. "Ningemwambia mama yako liko nje, angetaka kulitazama. Na mie sikuweza kulipita nikalikuta tupu."

Nilimhurumia, wallahi. Na nilikasirika, kwa ajili yako nilikasirika mno. Walikufungia watu wasiokujua, ukatoka, ukaja kufungiwa na anayekupenda kuliko roho yake. Sijui kipi kibaya zaidi. Ulijua, Mama? Ulijua ukamwachia?

Akajivuta pembeni, akaingiza mkono chini ya godoro la baraza, akatoa pasi yangu. Ina joto lake. Akanitia mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Nenda. Ukalikalie."

Basi nnakwenda, Alhamisi inshaallah. Kosa lako nitalisoma kama ulivyoliandika, mbele ya watu, nisibadilishe hata herufi. Wakicheka, wacheke. Kisha nitautafuta mtaa ule kwa ramani yako ya penseli, na nikiukuta nitakaa nje, juani, mpaka nichoke.

Leo asubuhi nnafunga mkoba, Baba kaja na ile shali yako ya sufu ya Leningrad, ambayo Maskati hii hukupata kuivaa hata siku moja. Kanipa taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Mpelekee mama yako," kasema. "Kanitangulia. Asubuhi pale barazani pana upepo."

Sikumsahihisha. Nimeikunja, nimeitia mkobani juu ya nguo zote. Nitakutandikia pembeni yangu, Mama. Pumzika, Mungu akupe nafasi kunjufu.

Mwanao