Salamu za Siku Tisa

Kwihara, Tabora
3 Septemba 1974

Mwanangu Kuluthumu,

Hujambo? Abasi mumeo hajambo? Mimi sijambo. Mbuzi amezaa.

Barua hii naandika mimi kwa mkono wangu. Si baba yako mdogo Shomari. Nimeingia kisomo cha watu wazima, kwa mwalimu Apolinaria. Tuko wanawake kumi na saba na wanaume wanne. Wanaume wanatoroka.

Miaka yote Shomari akinisomea barua zako anasomea kibarazani, majirani wote wanasikia. Sasa niandikie mimi. Nitasoma mwenyewe, sitampa mtu.

Mistari hii imenitoa jasho kuliko jembe.

Mama yako


Magomeni, Dar es Salaam
21 Oktoba 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, na ya tatu kwa furaha ya kuuona mwandiko wako! Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Sisi huku alhamdulillahi, ila kasoro ndogo nitakazokueleza. Baba mdogo Shomari hajambo, na mgongo wake je? Shangazi Swaumu jicho limepona? Idi imetufikia salama, sijui ninyi huko. Mvua mmepata? Shamba la kijiji mmeshalisafisha? Mwalimu Apolinaria mpe salamu nyingi, mwambie amenipa mama upya. Abasi anakuamkia sana.

Baada ya salamu, mama, nina neno ambalo nisingeweza kuliandika lisomwe kibarazani.

Unakumbuka mwaka wa sabini, tulipokuwa Ulaya kwenye ubalozi, nilikuandikia kwamba nimepasuliwa uvimbe? Haukuwapo uvimbe. Nilikwenda kupunguzwa unene. Nilipoolewa watu wa Chemchem hapo Tabora waliusifu mwili wangu, lakini kule wake wa mabalozi walinicheka, na Abasi akaacha kunichukua kwenye tafrija. Niliona aibu, mama. Nikaenda kwa madaktari wao. Walinikata utumbo wakauunganisha kwa njia ya mkato, ili chakula kipite bila kukaa mwilini.

Nilipungua, nikafurahi mwaka mmoja. Tangu hapo chakula kinanipita tu. Msalani naenda mara kumi kwa siku, nywele zinanyonyoka, miguu inavimba, na ini linaharibika. Abasi amejuta, ananifulia mwenyewe nguo zangu.

Hapa yupo daktari mgeni anayeweza kunifungua tena na kuurudisha utumbo ulivyokuwa. Nitanenepa tena, lakini nitaishi. Hakunificha hatari: huenda nisiamke. Safari ile nilikatwa bila wewe kujua. Safari hii sipandi kitanda kile bila radhi yako. Naogopa, mama.

Mkataba wake unakwisha tarehe 12 Desemba, anarudi kwao. Hakuna mwingine hapa anayeijua kazi hii, na anasema nikibaki hivi sitafika masika. Nijibu mapema.

Mwanao,
Kuluthumu


Kwihara
19 Novemba 1974

Kuluthumu,

Hujambo? Mimi sijambo, lakini nina hasira.

Ule uvimbe niliuchinjia kondoo. Nilisimama mbele ya watu nikawaomba dua. Kumbe nimewaombesha uongo. Wake wa mabalozi ni nani hata uwaamini kuliko mimi niliyekulea? Mwili niliokuzaa nao sikukupa uwape watu waukate.

Hata Shomari sijamwambia. Nashindwa kula.

Mama yako


Magomeni
2 Desemba 1974

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Una haki ya kukasirika, na mimi sina la kujitetea.

Nimekuelewa kwamba hutaki nikatwe tena. Leo asubuhi nimekwenda kumwambia daktari anifute kwenye orodha yake. Alinisihi, nikamwambia mama amekataa. Abasi amelia mbele yangu. Alitaka kukuandikia, nimemkataza, kwa sababu nilikwisha kukuvunjia heshima mara moja na sitaki ya pili.

Nisamehe ule uongo.

Mwanao,
Kuluthumu


Kwihara
16 Desemba 1974

Sikukataa. Mwanangu, sikukataa. Nilikuwa sijafika.

Mimi nasoma herufi moja moja. Salamu zako zilinichukua siku tisa. Mgongo wa Shomari, jicho la Swaumu, mvua, shamba, vyote nilivisoma kwa kidole nikitoka kulima, na nilifurahi kila siku. Neno lenyewe nikalianza wiki ya pili. Nilipofika penye tafrija hasira zikanipanda, nikaikunja barua nikaitia sandukuni chini ya nguo, nikakuandikia. Huko chini sikusoma. Sikujua kuna daktari, wala kuna tarehe.

Barua yako fupi imefika Ijumaa. Nimeisoma siku mbili, nikashangaa. Kukatwa kupi tena? Nikaitoa ile ya kwanza, nikakimbia nayo kwa mwalimu Apolinaria. Nikamwambia, nisomee, anza chini. Alisoma, kisha akageuka kutazama kalenda ukutani. Kalenda nami najua kuisoma. Ilikuwa tarehe kumi na tano.

Ningempa Shomari barua ile siku ilipofika, angeimaliza hata chai haijachemka. Majirani wangeijua siri yako, wangesema wiki mbili wakachoka. Nawe ungekatwa. Nilikulinda na masikio ya watu, Kulu, nikakuua mwenyewe. Mwalimu ananikataza kuandika hivyo. Naandika.

Radhi unayo. Unayo tangu siku niliyokuzaa, hukuwa na haja ya kuiomba. Mwambie Abasi azunguke hospitali zote, atafute hata daktari mmoja, awaambie mama mtu amekubali. Unenepe, mwanangu. Unenepe ushindwe kupita mlangoni, nitauvunja mlango.

Shomari amekwenda mjini kunikatia tiketi. Treni zimejaa watu wa Krismasi, nafasi imepatikana ya Jumatatu ijayo. Barua hii itanitangulia. Ikifika, Abasi aende posta siku hiyohiyo anipelekee telegramu. Neno moja tu juu yako, yupo. Salamu asiweke.

Mama yako