Kibanda cha Khamisa

Gazi, 1 Machi 1999

Mahir ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Mama ni mzima ila magoti, mimi ni mzima ila nimechoka. Wewe je, kifua kimepoa?

Kompyuta ya mradi wetu wa mikoko haichapi jedwali la miche. Programu yake imeharibika. Neno la siri la kuingilia mfumo na kuitengeneza analo mkuu wetu, Bwana Nzau, naye yuko likizo Kitui mpaka Aprili. Tena ametukanya, atakayegusa mfumo wake atafukuzwa. Jedwali lisipowafikia wafadhili mwisho wa mwezi, kina mama wanane wanaopanda miche hawana kazi. Fundi ni wewe. Nifanyeje?

Dada yako,
Khamisa

Nairobi, 8 Machi 1999

Dada Khamisa,

Shikamoo. Kifua kimepoa, alhamdulilahi. Mpe mama pole ya magoti.

Hakuna haja ya neno la siri. Nimekutilia disketi sita. Ya kwanza ina programu ambayo kazi yake ni kuleta programu nyingine, kuzipanga na kuziondoa. Aghalabu hukaa kwenye mfumo, lakini si lazima. Iweke nyumbani kwako, ifungulie kibanda chake, na hizo nyingine itazitia humo humo. Mfumo wa Bwana Nzau hautaguswa.

Mdogo wako,
Mahir

Gazi, 15 Machi 1999

Mahir,

Salaam aleikum. Mama anakusalimu sana.

Disketi nimezifikisha nyumbani kama ulivyosema. Kibanda kimejaa kuku, kwa hiyo nimezitia kwenye sanduku la mama la kanga, hapaingii unyevu. Leo ni siku ya tatu na kompyuta ya ofisini iko vile vile. Ama nilitakiwa niibebe nayo? Huku hatuna stima, wajua.

Usicheke. Kina mama wananiuliza kila siku, nami nimechoka kuwaambia kesho.

Dada yako,
Khamisa

Nairobi, 20 Machi 1999

Dada,

Shikamoo. Nimecheka, kisha nikaona haya. Kosa ni langu. Sisi watu wa kompyuta tukisema nyumbani, ni ile folda yenye jina lako ndani ya mashine, unamoweka kazi zako. Fungua nyingine ndani yake, uiite kibanda.

Karatasi ya pili nimekuandikia mstari kwa mstari. Nakili kama ilivyo, hata nukta. Ukiulizwa pa kuweka, na kila utakapotaka kuchapa, andika njia nzima, jina lako kisha kibanda. Ukipaacha wazi itakwenda kubisha kwenye mfumo, nao utaikataa.

Nisamehe kwa siku ulizopoteza.

Mdogo wako,
Mahir

Gazi, 12 Aprili 1999

Mahir mdogo wangu,

Salaam aleikum. Natumai u mzima. Mama hajambo kidogo.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita. Nilikosea mara mbili, nukta moja niliidhani kinyesi cha nzi. Mara ya tatu kibanda kikajaa, disketi baada ya disketi. Jedwali likatoka, kurasa kumi na nne, likawafikia wafadhili siku moja kabla ya mwisho wa mwezi. Kina mama wote wanane wamepata mwaka mwingine.

Bwana Nzau aliporudi akauliza nani amegusa mashine. Nikamwambia mfumo wake ni mzima, akague. Akakagua, akauona mzima. Lakini amri ni amri, akasema, na folda ina jina langu. Ningekana vipi? Jumatano nilirudisha ufunguo wa ofisi.

Nimekasirika, sikufichi, ila si nawe. Usijilaumu.

Jana nilikutana dukani na Mwinga, karani waliyemweka mahali pangu. Anasema ile programu ya mfumo haijatengenezwa mpaka leo, wanatumia ya kibandani. Kila asubuhi, kabla hajachapa chochote, sharti aandike jina langu.

Dada yako,
Khamisa